Fremu niliyoipenda kwa macho, viwiko vikaikataa

Kuna video moja kwenye simu ya jamaa yangu ambayo naombea kila siku isije ikavuja. Mimi niko juu ya baiskeli ya TT (time trial), baiskeli imebanwa kwenye treina, kile kistendi cha kukanyagia pedali ukiwa palepale, mabega yamepanda mpaka masikioni, shingo imechomoza kama kobe anayechungulia nje ya gamba, na anayenirekodi anacheka mpaka picha inatikisika. Ilikua siku ya kwanza kukalia ile fremu. Nilikua nimeisubiri wiki kadhaa, nimeifungua boksi kama mtoto, nimeifunga mwenyewe usiku kucha, na ndani ya dakika 4 za kukanyaga pedali nikajua kabisa kwamba hii kitu si yangu, ilikua ya mtu mwingine mwenye mikono mirefu kuliko yangu, mimi nimeivaa tu kama koti la kuazima.

Fremu yenyewe ilikua nzuri jamani, hilo nisilifiche. Kaboni nyeusi, bomba la chini pana limebapa kama kisu, nguzo ya siti imechongwa kama bawa la ndege, breki ya nyuma imefichwa huko chini nyuma ya krenki, ile mikono inayoshika pedali, hata huioni. Mtumba lakini haina mkwaruzo. Nilikua nimesoma kila grafu ya handaki la upepo, kule wanakopimia baiskeli zinavyopasua hewa, niliyoweza kuipata, hii inaokoa wati 6, ile inaokoa wati 8 upepo ukija kwa nyuzi 10, nikawa najiona mtaalam. Kitu kimoja tu sikukifanya, sikujipima.

Sasa kabla sijaendelea, kwa wale ambao hawajawahi kupanda hizi baiskeli. TT ni mbio za kushindana na saa, unaachiwa peke yako, huna mgongo wa mtu wa kujificha upepo, ni wewe na njia. Baiskeli yake ina usukani wa chini wa kushika kwenye kona na kwenye breki, halafu juu yake kuna fimbo mbili zimeelekea mbele, mimi naziita pembe, na nyuma ya pembe kuna pedi mbili unazolaza viwiko. Ukiwa umekaa sawasawa unategemea sehemu tatu, miguu kwenye pedali, makalio kwenye siti, viwiko kwenye pedi. Hizo sehemu tatu ndo baiskeli yenyewe. Kila kitu kingine, fremu ikiwemo, ni vyuma na kaboni za kuunganisha hizo sehemu tatu zikae pale mwili wako unapozitaka. Mi hili nimelielewa baada ya kutoa pesa, na ndo maana naandika.

Ngoja niweke hesabu kidogo, wasiopenda hesabu waruke aya moja. Nguvu unayotumia kupasua upepo inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, yaani ukitaka kwenda mara mbili zaidi unahitaji nguvu mara 8. Ndo maana kwenye mwendo wa TT adui ni hewa, uzito ni mambo madogo kama njia ni tambarare. Wanaopima hii kitu wanatumia namba inaitwa CdA, ichukulie kama ukubwa wa tundu unalolitoboa kwenye hewa. Mtu wa kawaida kwenye baiskeli ya barabarani ameinama kiasi anaweza kuwa na kama 0.32, mtu huyohuyo akilala vizuri kwenye pembe anaweza kushuka mpaka 0.24. Kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, piga hesabu mwenyewe, ya kwanza inakula karibu wati 263 za hewa peke yake na ya pili kama wati 198. Wati 65 hizo! Na sehemu kubwa kabisa ya huo upepo, karibu robo tatu au zaidi, unaupiga wewe na mwili wako, sio baiskeli. Tofauti ya fremu moja nzuri ya kisasa na nyingine nzuri ya kisasa ni wati chache. Kwahiyo mimi nilikimbilia wati 6 za fremu, nikapoteza 30 na kitu kwasababu sikuweza kulala kwenye pedi zaidi ya dakika 5 bila kuinuka kujinyoosha shingo. Hesabu za mtoto wa darasa la pili hizi na bado nilizikosa.

Mfano wake mkubwa uko kwenye historia ya mchezo wenyewe. Tour de France ya 1989, siku ya mwisho, TT ya kilomita 24.5 kutoka Versailles kuingia Paris. Laurent Fignon anaongoza kwa sekunde 50 na kila mtu anaona imeisha hiyo. Greg LeMond anakuja na pembe za kulalia mikono, kitu ambacho watu wa triathlon, wale wa kuogelea, baiskeli na kukimbia, walikua wanakitumia na wa barabarani walikua wanakiona kama kituko, na helmeti ndefu ya nyuma imechongoka. Fignon kichwa wazi, nywele kafunga mkia, ila baiskeli yake ina magurudumu mawili ya diski, yaani yaliyozibwa yote bila spoki, mbele na nyuma, LeMond ana diski ya nyuma tu. Ukiangalia vifaa vya gharama unasema Fignon ndo kajipanga. LeMond alikimbia kwa wastani wa kilomita 54.5 kwa saa, akafuta zile sekunde zote na kubeba Tour kwa sekunde 8, baada ya wiki tatu za mbio, sekunde 8. Najua watu watasema ni mambo mengi, Fignon alikua na kidonda cha kukalia siti na hakulala vizuri, sawa. Lakini mwenye mikono iliyokaa pamoja mbele ya kifua ndo alishinda na mwenye diski mbili akakaa chini analia.

Basi baada ya ile video ya aibu nikaitoa fremu kwenye treina nikarudisha baiskeli yangu ya kawaida ya barabarani, nikaifungia pembe za kuazima juu ya usukani, nikasukuma siti mbele mpaka mwisho wa reli zake, na nikaanza kujitafuta. Hii ndo kazi nilitakiwa kuifanya kwanza. Unapanda, unakanyaga dakika 20 kwa nguvu ya mashindano, sio kwa kubembea, mtu anakurekodi kutoka pembeni, unashuka unabadilisha kitu KIMOJA, unarudia. Nilifanya hivyo karibu mwezi mzima jioni jioni. Nilianza na pedi chini sana kwasababu ndo nilivyoona kwenye picha za maproo, kumbe nilipozipandisha sentimita 3 kichwa kikashuka chenyewe katikati ya mabega, mgongo ukalegea, na kwenye video nikaonekana mdogo kuliko nilivyokua chini. Hii inawashangaza wengi, chini zaidi sio lazima iwe haraka zaidi. Nikainua pembe mbele kidogo, ncha ziwe juu kuliko viwiko, mikono ikawa karibu na uso, na hapo ndo nikasikia raha ya kwanza.

Siti nayo ina siri yake. Baiskeli ya barabarani bomba la siti linalala nyuma, nyuzi 73 hivi, ya TT inasimama zaidi, 76 mpaka 80. Sio urembo. Ukiinama sana mbele bila kusogeza makalio mbele paja linagonga tumbo kila mzunguko, pumzi inakatika na nguvu inapotea. Kwahiyo unauchukua mwili mzima na unauzungusha mbele kwa kuzunguka kitovu cha krenki, kama mkono wa saa, uwazi kati ya paja na kiwiliwili unabaki uleule, mgongo ndo unalala. Na ukizunguka hivyo unakalia mbele ya mifupa, sehemu ambazo hazikuumbwa kukaliwa, ndo maana siti za TT nyingi ni fupi au zimepasuliwa pua katikati. Nisiseme mengi ila usichukue siti kwa kuangalia uzito wake, nakusihi. Nimejaribu 4. Ya 4 ndo mbaya kwa sura kuliko zote na ndo niliyobaki nayo.

Nilipomaliza nikachukua futi na pima maji nikajipima kutoka katikati ya kitovu cha krenki: kwenda juu mpaka kwenye pedi milimita 625, kwenda mbele mpaka nyuma ya pedi milimita 430. Namba mbili tu. Nikaenda kuipima ile fremu yangu nzuri, pedi zikivutwa nyuma mpaka mwisho kabisa zilifika 475, zikipandishwa na spesa zote nilizonazo, vile vipande vya kuinulia, zilifika 590. Yaani hata kama ningekua na fundi malaika pale isingewezekana. Niliiuza kwa jamaa mrefu mwenye mikono kama twiga na anaipenda mpaka leo.

Hapo kwenye spesa nataka nikae kidogo maana ndo pana mitego. Watengenezaji wanatoa staki na richi za fremu, staki ni kimo kutoka kitovu cha krenki mpaka juu ya bomba la mbele, richi ni umbali wa kwenda mbele mpaka hapohapo. Kwa baiskeli ya barabarani hizo zinatosha kabisa kulinganisha. Kwa TT hazitoshi, kwasababu fremu mbili zenye staki na richi sawa zinaweza kukupa pedi sehemu tofauti kabisa, kutegemeana na usukani uliokuja nao. Tafuta jedwali la pedi, linalosema pedi zinaweza kukaa kuanzia wapi mpaka wapi kwenye kila saizi. Kama namba zako ziko katikati ya hilo eneo, vizuri. Kama ziko kwenye ukingo, achana nayo hata kama rangi inakuita, kwasababu mwili unabadilika, mwakani utataka kushuka sentimita 1 au kupanda 2 na huna pa kwenda.

Halafu kuna usukani wa kampuni yenyewe na ule wa kawaida. Fremu nyingi za kisasa mbele yote imeumbwa kitu kimoja, stemu (kile kinachoshika usukani), usukani, foki, kila kitu kimefunikwa na kinapendeza, ila ukitaka kupandisha pedi sentimita 1 unahitaji spesa zao, na bolti za urefu mwingine, na wakati mwingine kipande cha kufunika cha saizi nyingine. Ukinunua mtumba muulize muuzaji boksi la vipande vidogo liko wapi, kabla hata ya kuuliza bei. Mi sikuuliza. Yule aliyeniuzia alikua ameishusha yote chini na spesa zingine alishazipoteza, na kwa fremu iliyotoka kiwandani miaka hiyo kupata bolti zake ni kama kutafuta sindano. Safari hii ya pili nilichagua fremu ya miaka ya nyuma kidogo, foki yenye bomba la kawaida linalokubali stemu yoyote. Kwenye grafu inapoteza kidogo. Ila nikitaka kubadilisha kitu nabadilisha kwa spana moja na nusu saa.

Na kama unakimbia mashindano yaliyo chini ya kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, soma kanuni kwanza, uzito usipungue kilo 6.8, na urefu wa pembe siku hizi unategemea kimo cha mkimbiaji, wamegawa makundi matatu tangu 2023. Triathlon wao wana uhuru zaidi kwenye umbo la fremu ndo maana utaona baiskeli zao zina matenki ya maji na viboksi vimeumbwa ndani ya mwili wa baiskeli. Usije ukanunua ya huku ukapeleka kule ukazuiwa asubuhi ya mashindano umeshavaa namba.

Nikiongelea kanuni namkumbuka Graeme Obree kila mara. 1993 huyu mtu wa Scotland alienda Hamar kule Norway na baiskeli aliyoijenga mwenyewe, Old Faithful, beringi za kitovu cha krenki alizitoa kwenye mashine ya kufulia nguo, kwasababu alitaka miguu yake ikae karibu karibu na beringi za kawaida zilikua pana mno. Bomba la juu hakuweka maana magoti yangeligonga. Rekodi ya saa moja, yaani umbali unaokimbia ndani ya saa moja, ya Francesco Moser, kilomita 51.151, ilikua imekaa miaka 9, Obree akaivunja kwa 51.596. Chris Boardman akamnyang'anya baada ya siku 6 tu, na baadae UCI wakaupiga marufuku ule mkao wake wa mikono kukunjwa chini ya kifua, lakini sio hoja. Hoja ni kwamba alianza na mwili wake kisha akatafuta vyuma vya kuuzunguka, wakati mimi na kaboni yangu nyeusi nilienda kinyumenyume.

Vifaa sasa. Krenki ndo kitu kilichonishangaza zaidi. Nilitoka 172.5 nikaenda 165, watu wakaniambia utapoteza nguvu, sikupoteza kitu, na mita ya wati ni shahidi. Ukifupisha krenki milimita 7.5 unapandisha siti milimita 7.5, na pedali ikifika juu nayo iko chini kwa 7.5 zingine, kwahiyo goti linapanda pungufu ya milimita 15 kuelekea kifuani. Kwa mtu aliyelala kwenye pembe hizo 15 ni nafasi ya kupumua. Mbele nimeweka sproketi moja tu ya meno 54, sina gia ya kupandia mlima na siitaki, njia zangu za TT ni tambarare. Sproketi kubwa cheni inajikunja kidogo, msuguano unapungua, ndo maana unaona watu wa rekodi wanaweka masahani, Filippo Ganna alipofanya kilomita 56.792 ndani ya saa moja mwaka 2022 mbele alikua na meno 65. Ila angalia kwanza fremu yako inakubali meno mangapi, zingine sproketi kubwa inagusa bomba la nyuma, na huko hakuna ujanja.

Magurudumu nitayapitia haraka kwasababu kila mtu anayajua, nyuma diski, mbele rimu ya kina kirefu kiasi unachoweza kukimudu upepo ukikupiga ubavuni. Diski ya nyuma haisumbui sana, uzito wako uko juu yake, ya mbele ndo inageuza usukani, na ukiwa kwenye pembe mikono iko mbali na breki, sio mahali pa kushtukizwa. Kule Kona, Hawaii, mashindano ya dunia ya Ironman, ile triathlon ndefu, kwa miaka mingi yalikataza diski kwa ajili ya huo upepo. Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia, tundu la valvu kwenye diski ni dogo na liko upande, mdomo wa pampu ya kawaida hauingii! Asubuhi ya mashindano yangu ya kwanza nilizunguka naomba adapta ya nyuzi 90 kama naomba moto kwa jirani. Sasa hivi ninazo mbili, moja ndani ya kiatu.

Tairi jamani, tairi. Mtu ananunua fremu ya wati 6 halafu anaifungia tairi ngumu za mazoezi. Mkimbiaji na baiskeli vyote kilo 85, kilomita 40 kwa saa, tairi nzuri zinakula kama wati 37, za hovyo wati 55. Hizo 18 ni tairi tu. Weka tairi laini za mbio, tyubu za lateksi au zile zisizo na tyubu kabisa, na usijaze upepo mpaka ziwe jiwe, zikiwa ngumu kupita kiasi zinakurusha kwenye lami mbovu badala ya kuviringika. Lateksi inapoteza upepo kila siku kwahiyo jaza kila unapotoka. Na kabla hujanunua fremu ya zamani pima nafasi, zingine zilitengenezwa wakati wa tairi za milimita 23, ukiweka 28 inakwangua.

Breki ile ya kufichwa nyuma ya krenki sitaki kuiona tena. Inapendeza, lakini kuirekebisha unalala chini chali kama fundi wa lori, na matope yote ya gurudumu la nyuma yanaishia pale. Fremu ya sasa breki ziko sehemu zinapoonekana. Breki za diski za mafuta ni nzuri zaidi kama bajeti ipo, ila kwenye TT yenyewe unashika breki mara ngapi? Gia za umeme ndo kitu ambacho ningeshauri mtu ajinyime vingine avipate, na sio sababu ya fahari, kwenye TT kuna vitufe kwenye ncha za pembe na vingine kwenye usukani wa chini, kwahiyo unabadilisha gia ukiwa umelala na ukiwa umesimama unatoka kona, halafu waya za kawaida zikipita kwenye usukani uliojikunja namna ile zinakua nzito, gia zinaruka, unatukana hewa.

Nguzo ya siti iliyobapa huwa inateleza kidogo kidogo, paka ile pasta ya kaboni yenye chenga, kaza kwa spana ya kipimo kwa namba iliyoandikwa pale, na zungushia mkanda wa umeme kama alama, ukiona alama imezama ujue umekua ukikimbia na siti iliyoshuka. Mi ilizama milimita 9 ndani ya wiki na nilikua nalaumu magoti.

Fremu ya sasa ina mikwaruzo miwili na rangi ambayo mke wangu anaiita ya dawa ya kikohozi. Pedi ziko 625 na 430, na kila upande zimebakiwa na nafasi. Bomba la foki fundi alitaka kulikata liwe sawa na stemu ili lisichomoze, nikamzuia mkono, nikamwambia acha sentimita 2 na spesa juu yake. Akasema inaonekana vibaya kwenye picha. Nikamwambia picha yangu ipo tayari, kwenye simu ya jamaa yangu.